Ngoma, hadithi na maigizo kwenye makazi ya wazee: mwongozo kamili kwa vikundi vya sanaa

Mara ya kwanza kikundi chetu kilipokwenda kutumbuiza kwenye makazi ya wazee tulibeba spika mbili kubwa, jenereta, wachezaji kumi na wawili wenye sare mpya, na katoni za biskuti. Tulipiga saa mbili mfululizo. Wazee walipiga makofi kila mshereheshaji alipowaambia wapige. Babu mmoja wa mstari wa mbele aliziba masikio kwa viganja, akavumilia nyimbo tatu, kisha akashika mkongojo wake akaenda zake chumbani. Tukagawa biskuti, tukapiga picha, tukarudi mjini tukisifiana ndani ya daladala. Tulipokuja tena ulikuwa umepita mwaka na nusu, na hakuna hata mmoja aliyetukumbuka. Wangetukumbuka kwa lipi?

Ninayoandika hapa tumeyajua kwa kukosea. Yanamfaa kiongozi wa kikundi cha ngoma, kwaya, wanafunzi wa sanaa, hata watu wawili wenye kayamba moja. Mifano ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko tunakozunguka. Ukichoka kusoma njiani, shika haya mawili: mpe mzee kazi ya kufanya ndani ya onyesho, na urudi.

Jua nani anaishi humo

Tanzania Bara kuna makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Nunge iko Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Njoro Moshi, Fungafunga Morogoro, Bukumbi Misungwi, Kilima Bukoba, na yapo mengine. Mashirika ya dini nayo yana ya kwao. Zanzibar kuna Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba.

Kwetu mtu hutarajiwa kuzeekea nyumbani kwa watoto wake. Kwa hiyo aliyefika kwenye makazi mara nyingi ana historia iliyomfikisha hapo, na historia hiyo inagusa moja kwa moja kile utakachokipiga. Wapo waliokuja ujanani kama manamba wa mkonge kutoka Burundi, Rwanda au Msumbiji, wakafanya kazi hadi nguvu zikaisha na kwao hawana tena wa kumrudia. Wapo waliougua ukoma, wakapona, lakini vidole havikurudi. Nunge ni mojawapo ya mahali walipokusanywa. Kanda ya Ziwa utakuta mabibi waliokimbia vijiji vyao kwa sababu walituhumiwa uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu baada ya miaka arobaini ya kupuliza moto jikoni.

Sasa fikiria kikundi kinachoingia humo na kichekesho cha kikongwe mchawi anayeruka na ungo. Nimekiona kwa macho yangu. Vijana walicheka, wahudumu walitazama chini.

Barua kwanza

Usivamie. Kwa makazi ya serikali, andika barua kwa afisa mfawidhi wa makazi na nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa makazi ya dini, andika kwa sista au mchungaji anayesimamia. Barua iwe ya ukurasa mmoja: mko wangapi, mtafanya nini, mtakaa muda gani, mtarudi mara ngapi, na nani atawajibika likitokea jambo. Kama kikundi kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ambatanisha nakala ya cheti. Ongeza sentensi moja ambayo wengi hawaiandiki: kwamba hamtapiga picha ya mzee yeyote bila idhini yake. Sentensi hiyo ilitufungulia mlango mahali ambapo makundi mawili yalikuwa yamekataliwa.

Omba mapema kalenda yao. Siku ya kliniki, siku ya misa, swala ya Ijumaa, siku ya kugawa sabuni, zote si zako. Ramadhani uliza kabisa kama ngoma inafaa; mara nyingi utaambiwa leteni kaswida na hadithi, ngoma isubiri. Kwaresima pia ina wazee wake wasiotaka vigelegele. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kila mtu atakuwa huko na mabango. Nenda Oktoba 20, wakati hakuna mtu.

Safari ya kwanza nenda mikono mitupu

Siku ya kwanza msipige chochote. Nendeni wawili au watatu, mkae, mwamkie, msikilize. Bebeni daftari.

Kinachotafutwa ni ujana wa mzee. Mambo ambayo mtu aliyaishi kati ya miaka kumi na thelathini hivi ndiyo yanayokaa kichwani kuliko mengine, na nyimbo za umri huo hubaki hata majina ya watoto yanapoanza kupotea. Piga hesabu. Aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 16 Tanganyika ilipopata Uhuru, 22 wakati wa Azimio la Arusha, 33 vita vya Kagera vilipoanza. Huyo alikulia kwenye redio. Televisheni Bara ilifika 1994 akiwa karibu na hamsini. Kwa hiyo muziki wake uliingia kwa masikio, jioni, watu kumi wakizunguka redio moja ya mbao.

Uliza mahali pia. Kijana wa Tanga wa enzi hizo atakutajia Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, wa Tabora atasema Tabora Jazz au Kiko Kids, wa Morogoro atabishana kati ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na wa Unguja mjini huenda alikuwa mtu wa Ikhwani Safaa au wa Culture, vikundi vya taarabu, na bado hajawasamehe wa upande wa pili. Msukuma muulize alikuwa Mgika au Mgalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kwa vizazi, na swali hilo peke yake limewahi kutuamshia babu ambaye mhudumu alituambia haongei.

Maswali yetu ni machache: Ulizaliwa wapi? Ulifanya kazi gani? Kazini mliimba nini? Ngoma gani ilichezwa kwenu mavuno yakiisha? Ulicheza, ulipiga, au ulitazama? Kuna wimbo usioutaka?

Hilo la mwisho usiliruke. Wimbo wa msiba ni wimbo wa msiba hata ukipigwa kwa furaha. Kwa mwingine, wimbo wa kuhamasisha vijiji vya ujamaa unamrudishia siku nyumba yake ya zamani ilipobomolewa. Ngoma za pepo ziache kabisa. Kuna mapigo ambayo aliyewahi kuchezewa akiyasikia hupanda, nawe huna mganga wa kumteremsha. Nyimbo za unyago na jando zina wenyewe na zina mipaka: bibi akiamua kuwaimbia wasichana wa kikundi chumbani, hiyo ni heshima kubwa kwao, ila wavulana watoke na simu zizimwe.

Andika pia lugha. Mzee anayeongea Kiswahili safi saa nne asubuhi anaweza kubaki na Kiha au Kimakonde tu anapochoka au kumbukumbu inapopungua. Tafuta angalau mtu mmoja kikundini anayejua salamu na nyimbo mbili za lugha hiyo.

Chagua sanaa inayokaa kitini

Kosa la vikundi vya ngoma ni kudhani mzee aliyekaa ni mtazamaji. Wasukuma wana wigashe, ngoma ambayo jina lake lenyewe ni kukaa: mtu huimba na kucheza akiwa amekaa, kazi yote ikiwa mabegani na mikononi. Sisi tulipoigundua tuliona tumepoteza miaka. Lelemama ya akina mama wa pwani nayo haihitaji kuruka. Uzuri wake uko kwenye mikono na utulivu. Karibu kila ngoma ina sehemu ambayo inaweza kuchezwa na mabega peke yake. Itafute hiyo, ifanye polepole, kisha muulize mzee kama umeipata. Hujaipata. Atakurekebisha, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Vitendawili ni dhahabu. Havina gharama, kila mtu anajua mwitikio, na aliyesahau siku ya leo bado ataitikia “Tega!” kabla hujamaliza neno. Mkishindwa mnatoa mji, na wazee hawakubali mji wowote. Bibi mmoja wa Kanda ya Ziwa tulimpa Dodoma, akakataa katakata kwamba huko hakuna samaki. Tulimpa Bukoba, akasema umejaa. Tukaishia kumpa Mombasa na meli yake.

Hadithi nazo zina mlango wake wa “Paukwa!” na “Pakawa!” Msimulizi asisome karatasi. Asimulie kwa sauti ya kawaida, atembee taratibu kutoka kiti hadi kiti, na aache mapengo: “Sungura akafika kwa nani vile?” Akijibiwa jina tofauti na lake, hadithi ifuate jibu hilo.

Katika maigizo, tunachokifanya mara nyingi zaidi ni posa. Vijana wawili wanaingia kuposa binti, wamekuja bila mshenga, na mmoja anatafuna jojo. Igizo linakwenda dakika saba tu, kisha linasimama na wazee wanaombwa waamue, maana wao ndio wazee wa baraza. Je, posa ipokelewe? Faini ni kiasi gani? Mahari je? Hapo waigizaji hawana tena maandishi, wanajibu wanachoulizwa. Siku moja kesi ya ng'ombe wangapi ilichukua nusu saa, babu wa Kinyamwezi akimkejeli mtani wake Mzaramo kwamba kwao binti hutolewa kwa nazi mbili. Bibi mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi alisema neno moja: “Arobaini.” Tukafunga mahari hapo. Mashauri mengine yanayofaa ni mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, na mjukuu anayetaka kuuza kiwanja.

Ngonjera zinawafaa waliosoma miaka ya baada ya Azimio la Arusha. Wapeni mistari ya kuitikia, msiwape karatasi zenye maandishi madogo.

Vyombo, mikono na masikio

Acheni spika nyumbani. Uzee hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, hivyo filimbi kali na mwimbaji wa sauti ya juu huweza kufika kama kelele tu, na kifaa cha kusaidia kusikia hufanya kelele hizo kuwa kubwa zaidi. Waimbaji wa sauti nene wakae mbele. Ngoma moja kubwa ipigwe kwa viganja, si kwa fimbo. Zeze na ilimba vina sauti ndogo, lakini mkiwa karibu vinatosha. Kama lazima mtumie spika, iwe moja, ya chini, mbali na ukuta wa mabati.

Sasa mikono. Kayamba inashikwa kwa viganja viwili, na kwa sababu hiyo inamfaa aliyepoteza vidole kuliko chombo kingine chochote ninachokijua. Manyanga yanahitaji mshiko, kwa hiyo yanamfaa aliyepona kiharusi akitumia mkono mzima. Njuga za kufunga zinaweza kuwekwa juu ya kifundo cha mkono au mguuni kwa mzee wa kiti cha magurudumu, ila hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Aliyeugua ukoma, na mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza kuwa hana hisia kwenye ngozi ya mikono na miguu. Kamba ikimkata hatajua, ngoma iliyotoka kupashwa moto ikimuunguza hatajua. Funga kwa kitambaa laini, si kamba ya katani. Kidole chako kipite chini yake. Fungua baada ya kila wimbo na utazame ngozi. Ngoma ipasheni mbali, ije ukumbini ikiwa imepoa.

Vyombo vifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti kabla na baada. Mwenye mafua au kikohozi kwenye kikundi abaki nyumbani siku hiyo, hata kama ndiye mpiga ngoma mkuu.

Kuhusu mavazi, rangi nzito zinazotofautiana husaidia mwenye mtoto wa jicho kuona nani anafanya nini. Kinyago cha mapiko, kile cha ngoma ya Wamakonde, kinavutia sana jukwaani, lakini mzee mwenye tatizo la kumbukumbu akikiona kinatokea mgongoni kwake atashtuka kweli. Ukitaka kukitumia, kiingie mkononi kwanza, kipite kwa kila mzee akiguse, ndipo kivaliwe mbele ya macho yao.

Harufu watu huisahau. Pwani tunapeleka vikuba vya asumini, tunawagawia mabibi kabla taarabu haijaanza. Wanapopanda kumtunza mwimbaji, au mwimbaji anapowaendea walio kwenye viti, kikuba ndicho tuzo badala ya noti. Muulize mhudumu kwanza nani ana pumu.

Saa, viti na choo

Saa nne asubuhi hadi saa tano kasorobo. Uji umeshanywewa, dawa zimemezwa, jua halijawa kali, na chakula cha mchana kiko mbali. Alasiri wazee wengi huchoka, na wenye tatizo la kumbukumbu huzidiwa na wasiwasi kuanzia jua linapopungua. Msizidishe muda mkala saa ya chakula. Mwenye kisukari hawezi kusubiri wimbo wenu wa mwisho.

Viti viwe vya mikono, vimepangwa nusu duara ya mistari miwili tu, na kati ya viti kupite kiti cha magurudumu. Wasanii msimame mahali ambapo mwanga unawaangukia usoni. Mkisimama mbele ya dirisha, wazee wanaona vivuli. Mzee anayesikia kwa sikio moja akae upande unaofaa sikio hilo. Ukiwa na daftari unalijua hilo tayari.

Choo kiwe karibu na njia iwe wazi. Baadhi ya vidonge vya presha vinamfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mzee mwenye hofu ya kukosa njia hatakuja kabisa. Wekeni msanii mmoja pembeni, asiyepiga chochote, kazi yake ni kumsindikiza anayenyanyuka.

Idadi: wasanii wanne hadi sita kwa wazee ishirini. Zaidi ya hapo mnawajaza.

Namna asubuhi inavyokwenda

Anzeni na salamu, mtu kwa mtu. “Shikamoo babu,” usubiri “Marahaba,” ushike mkono au kilichobaki cha mkono bila kusita, utaje jina lako. Hii inachukua dakika kumi nzima na msiikate. Kwa wengine ndiyo sehemu kubwa ya onyesho. Muulize kila mtu anapenda kuitwaje. Bibi mmoja alitukatalia neno “bibi”: “Mimi sikuzaa, sina mjukuu. Niite Bi na jina langu.” Neno “kikongwe” lisisikike, na msiongee nao kwa sauti ile ya kubembelezea watoto.

Kisha wimbo wa kufungua, uleule kila mara mnapokuja. Baada ya ziara ya tatu au ya nne utaona vidole vikigonga mkono wa kiti kabla hamjaanza. Wimbo huo unamwambia mzee kwamba ni wale, wamerudi, hata kama nyuso zenu hazikumbuki.

Ndipo dakika kama kumi na tano za kazi yenu: ngoma, hadithi au igizo, moja tu kati ya hayo. Baada ya hapo geuzeni, zamu ni ya wazee. Msiulize “Nani anataka kuimba?” mbele ya watu wote, kila mtu atatazama chini. Mwendee uliyeongea naye wiki iliyopita, piga magoti pembeni ya kiti chake, anza mstari wake wa kwanza kwa sauti ndogo na ukosee kidogo. Hakuna mzee anayevumilia kusikia wimbo wa kwao ukikosewa.

Akianza, nyamaza. Mpiga ngoma afuate mwendo wa mzee, asimwongoze. Pumzi yake ikikatika katikati ya mstari, ngoma ingoje naye. Vijana wetu walipata taabu sana na hili, kwa sababu tumefundishwa kwamba kimya jukwaani ni aibu.

Wapeni wengine kazi ndogondogo: mmoja anashika fimbo ya msimulizi, mmoja anahesabu ng'ombe wa mahari kwa punje za mahindi, mmoja anatoa amri ya kuanza na kusimamisha. Asiyetaka kufanya kitu aachwe atazame. Naye anayetaka kuondoka ana haki hiyo.

Malizeni kwa kushuka taratibu, wimbo laini, kisha uleule wa kufungua. Agana na kila mmoja na utaje siku ya kurudi. Bandikeni tarehe hiyo ukutani kwa maandishi makubwa, na muitimize. Kikundi kisichoweza kuahidi kila mwezi kiahidi mara nne kwa mwaka. Kinachovunja ahadi kinawaumiza kuliko ambacho hakikuwahi kuja.

Waliolala kitandani

Kila makazi yana vyumba ambavyo wageni hawapelekwi. Omba upelekwe. Wasanii wawili, zeze moja au sauti tupu, dakika tano hadi saba. Piga hodi na usubiri, hata kama hajibu. Kaa, usimsimamie juu yake. Imba karibu na kiwango cha kuongea.

Tazama pumzi, nyusi, vidole vya miguu chini ya shuka. Pumzi ikilegea mnaendelea. Uso ukikunjamana au kichwa kikigeukia ukutani mnaacha, mnamshukuru na mnatoka. Mkitoka mnawe mikono kabla ya chumba kinachofuata.

Wanaosahau

Usiulize “Unanikumbuka?” Huo ni mtihani, na yeye anajua ameshindwa. Jitambulishe upya kila mara kana kwamba ni kawaida, na ni kawaida.

Akiimba ubeti mmoja mara sita, muimbe mara sita. Akisema mama yake anamngoja sokoni, usimwambie mama alikufa zamani. Muulize sokoni wananunua nini. Akilia wakati wa wimbo, usikatishe kwa haraka na kuanza wa kuchangamsha. Mshike mkono, maliza ubeti, muulize kama aendelee kusikia. Wengi husema ndiyo. Kama kilio ni cha hofu, utakiona machoni, na hapo mhudumu anayemfahamu achukue nafasi.

Wahudumu

Hawa ndio wanaobaki. Wafundisheni nyimbo mbili za mzee fulani, ziwasaidie wakati wa kumwogesha au kumsafisha kidonda. Msiwaongezee kazi: viti mpange wenyewe, mfagie wenyewe, mkirudishe kila kitu.

Picha, sabuni na khanga

Nina neno hapa. Kuna mtindo wa watu kufika na katoni za sabuni, kumvisha bibi khanga mpya mbele ya kamera, kumkumbatia kwa sekunde kumi, na kuipandisha picha mtandaoni kabla gari halijatoka getini. Mzee hakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama yako usingempiga picha hivyo. Bibi aliyekimbia watu waliotaka kumuua hahitaji uso wake na jina la makazi yake vizunguke kwenye simu za kijijini.

Ukihitaji picha kwa ajili ya wafadhili, piga mikono juu ya kayamba, piga migongo ya nusu duara, piga ngoma yenyewe. Uso upigwe kwa idhini ya mzee mwenyewe, aliyeelezwa itakwenda wapi, na aonyeshwe kwanza. Asiyeweza kuelewa swali hapigwi picha.

Zawadi za vitu zipitie ofisini, siku nyingine, bila ngoma. Zikichanganyika na onyesho, wazee wataanza kuwaangalia mikono mnapoingia.

Kiti kitakapokuwa kitupu

Mkirudi mara kwa mara mtakuta mtu hayupo. Pigeni simu kwa afisa mfawidhi siku moja kabla mjue, msijulie ukumbini mkiwa mnamwita mtu aliyezikwa. Msikiondoe kiti chake haraka. Sisi huwauliza wenzake kama wanataka wimbo wake uimbwe. Mara moja walikataa, wakasema bado. Mwezi uliofuata wakauanzisha wenyewe.

Waambieni vijana wa kikundi mapema kwamba hili litatokea, na baada ya ziara mkae pamoja kabla ya kutawanyika. Mpiga kayamba wetu mdogo, miaka kumi na tisa, alihitaji majuma mawili kabla ya kurudi.

Mtajuaje inafanya kazi

Makofi hayaonyeshi kitu. Andikeni kwenye daftari baada ya kila ziara, siku hiyohiyo: nani alitoka chumbani ambaye hakuwa akitoka, nani aliongea na nani, wimbo gani uliletwa na mzee, nini kilimchosha nani. Waulize wahudumu jambo moja tu, kama nyimbo zimesikika siku ambazo hampo.

Kwa ajili ya siku hizo tumeanza kurekodi wazee wanaokubali, kwa simu ya kawaida, ndani ya chumba kilichotulia, na kuziweka nyimbo kwenye memori kadi ya zile redio ndogo zinazouzwa kila soko. Wimbo ni wake: anausikiliza kwanza, anasema nani apewe na nani asipewe, na akibadili mawazo unafutwa. Redio moja tuliiacha kwa babu asiyeweza kutoka kitandani, ndani yake wenzake wa ukumbini wakiimba na kubishana juu ya mahari. Kitufe cha kuwasha tumekipaka rangi ya kucha nyekundu ili akione. Bi yule asiyetaka kuitwa bibi ndiye anayeichaji, kila Jumatano na Jumamosi, na humkumbusha kupunguza sauti usiku.